Goti linauma: eksirei, MRI au kamera? Kuchagua picha ya gegedu kabla hujalipa

Mama mmoja alifika kwenye kituo chetu cha kupiga picha za mwili asubuhi akitokea Morogoro, ameshika bahasha ya kaki aliyoikunja mara mbili. Ndani mlikuwa na barua ya daktari ya kuomba MRI, picha ya mashine ya sumaku, ya goti la kulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kupigwa ile picha kubwa."

Alikuwa ameuza mbuzi wawili, na wanawe wakachanga kilichopungua. Nikamuuliza kama goti hilo liliwahi kupigwa eksirei akiwa amesimama. Akasema alipigwa, ila alilazwa kitandani, akaambiwa goti halina shida, "maji ya goti tu yamepungua". Nilimpigia simu daktari aliyemwandikia, tukakubaliana aanze na eksirei ya kusimama. Mama akapanda kwenye kijukwaa, akaipandisha khanga juu ya goti na kuifunga fundo, akaegemea ubao wa picha huku ameukunja mguu kidogo. Picha ilipotokea kwenye skrini, upande wa ndani wa goti mfupa wa paja ulikuwa umekalia mfupa wa muundi, hapapiti hata wembe. Filamu ya kulala aliyokuja nayo ilionyesha nafasi nzuri tu palepale. MRI haikupigwa. Hela ya mbuzi ilirudi naye nyumbani, ikalipia mazoezi ya viungo na safari za kwenda kumwona daktari wa mifupa.

Swali ninaloulizwa na ndugu, majirani, hata vijana wa bodaboda pale getini, ni hili: picha ipi ndiyo bora kwa goti? Wengi huamini ni MRI kwa kuwa ndiyo ghali. Kupiga picha hizi ndiyo kazi yangu, na katika mashine zote naipenda MRI zaidi. Lakini kila picha ina swali inaloweza kulijibu na swali inaloshindwa, na anayeumia kwa kutolijua hilo ni mgonjwa anayelipa mfukoni. Nazilinganisha hapa zile ambazo unaweza kuandikiwa, goti likiwa mfano wangu mkuu.

Tunachokitafuta

Menya ncha ya mfupa wa kuku utaliona: lile tabaka jeupe, laini, linaloteleza. Hilo ndilo gegedu. Kwenye goti la mtu mzima lina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi, na nyuma ya pia ya goti ndiko linakonenepa zaidi. Maji huchukua kama asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake. Kinachobaki ni nyuzi za kolajeni zilizosukwa kama ukindu wa mkeka, pamoja na molekuli kubwa za sukari na protini zenye chaji hasi, ambazo huyavuta maji na kuyazuia yasitoke mguu unapokanyaga. Gegedu halina mshipa wa damu wala neva. Kwa sababu hiyo linaweza kulika miaka mingi pasipo kuuma, na likichimbika halijizibi kama jeraha la mkononi. Maumivu unayoyasikia hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando wa kiungo, na kwenye goti kujaa maji.

Hapo pana jambo la kuwekwa sawa. Tunasema "maji ya goti yameisha" au "grisi imekauka", lakini goti lililosagika mara nyingi hujaa maji kuliko la jirani yake. Kinachoisha ni gegedu. Nimeona watu wakinunua chupa za "dawa ya kurudisha grisi" kwa fedha ambayo ingetosha picha na mazoezi pia, na hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuotesha upya gegedu lililokwisha.

Eksirei ya kusimama au MRI?

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hapa ndipo nitakaa kwa muda.

Eksirei, tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua mwaka 1895, huonyesha vitu vinavyozuia mionzi, na katika goti kitu hicho ni mfupa. Gegedu huipitisha mionzi karibu sawa na nyama, kwa hiyo halionekani kabisa. Tunachosoma ni nafasi: mfupa wa juu na wa chini umeachana kiasi gani. Ukilala, mguu haubebi kitu, mifupa inaachana hata kama katikati hapana gegedu lililobaki. Ukisimama, uzito wa mwili unaisukuma mifupa ikutane, na ukweli unajitokeza. Barua ikisema "eksirei ya goti" bila neno "kusimama", mwombe daktari aliongeze. Na ukiambiwa ukunje goti kidogo usishangae: mwaka 1988 Rosenberg na wenzake walieleza namna ya kupiga goti likiwa limekunjwa digrii 45 mtu akiwa amesimama, kwa sababu gegedu huanza kulika sehemu ya nyuma kidogo ambayo mguu ulionyooka huificha.

Eksirei hiyo huchukua dakika chache, bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na MRI, na mionzi yake kwa goti ni kidogo mno. Inaonyesha pia matege yaliyoanza ukubwani, vimiba vya mfupa vinavyoota pembeni, na jinsi mzigo unavyolalia upande mmoja. Madaktari wa mifupa hupima uchakavu kwa ngazi za Kellgren na Lawrence, 0 hadi 4, zilizochapishwa mwaka 1957 na zinazotumika mpaka leo. Atakayebadilishiwa goti, kipimo kikuu cha kupangia upasuaji wake ni hiyo eksirei ya kusimama.

Udhaifu wake ni kuchelewa. Nafasi ikishaonekana imepungua, gegedu limeshakwenda. Tena ile nafasi haijazwi na gegedu peke yake. Mna meniska pia, vile vipande viwili vya umbo la mwezi mwandamo vinavyokaa kati ya mifupa. Meniska ikichomoka kwenda pembeni nafasi hupungua hata kama gegedu lipo. Na shimo dogo la gegedu kwa kijana aliyeanguka mpirani, huku sehemu nyingine zote zikiwa nzima, eksirei haitaliona abadani.

MRI inafuata njia nyingine kabisa. Haina mionzi ya eksirei. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio kusikiliza viini vya haidrojeni, na haidrojeni mwilini imo zaidi kwenye maji na mafuta. Paul Lauterbur alionyesha mwaka 1973 kwamba mawimbi hayo yanaweza kugeuzwa kuwa picha. Yeye na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003. Gegedu, ambalo sehemu kubwa yake ni maji, hujionyesha lenyewe kwenye mashine hii.

Nikufungulie picha moja. Katika sikwensi (yaani mpangilio wa upigaji) tunayoitegemea kwa magoti, ile ambayo mng'ao wa mafuta umezimwa, mfupa unakuwa mweusi kama mkaa, ute wa goti mweupe kama maziwa, na gegedu kijivu katikati yao. Gegedu zima ni utepe wa kijivu wenye ukingo laini. Likichanika, ute huingia kwenye ufa, nawe unaona mstari mweupe unakata kijivu, mwembamba kama unywele au mpana kama punje ya mchele. Ufa ukifika mfupani, mfupa mweusi chini yake unapata ukungu mweupe, na ukungu huo ndio mara nyingi unaoendana na maumivu. Katika picha hiyohiyo utaona meniska, kano ile ambayo wachezaji wanaiita ACL, utando wa kiungo, na kipande cha gegedu kilichobanduka na kuelea. Eksirei haiwezi lolote kati ya hayo, isipokuwa kipande kinachoelea kikiwa na mfupa ndani yake.

Basi kwa nini nilimrudisha mama wa Morogoro? Kwa sababu MRI huona mno. Mwaka 2012 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Framingham, Marekani, wa watu 710 waliozidi miaka 50 ambao eksirei zao hazikuonyesha uchakavu wa goti. MRI ilikuta kasoro angalau moja kwa asilimia 89 yao, na kasoro ya gegedu kwa asilimia 69. Hata wasiosikia maumivu walikuwa nazo kwa wingi. Kwa hiyo mtu wa miaka 60 akiingia kwenye mashine atatoka na ripoti ndefu, yenye maneno ya kutisha, hata kama goti lake lingekuwa halimsumbui. Ripoti ile huwa haibadilishi matibabu: kupunguza uzito, kuimarisha misuli ya paja, dawa za maumivu kwa kiasi, na goti bandia mwisho ukifika. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa mwaka 2022 unakwenda mbali zaidi: mtu wa miaka 45 au zaidi, mwenye maumivu yanayoletwa na kutembea au kazi, ambaye asubuhi hakakamai au hukakamaa kwa muda usiozidi nusu saa, anaweza kutambuliwa bila picha yoyote.

Uamuzi wangu, baada ya kuwapiga picha watu wengi, ni huu. Umri mkubwa, maumivu yaliyokuja polepole, goti linalolia likikunjwa: eksirei ya kusimama, magoti yote mawili kwa pamoja, na utulie hapo. Kijana au mtu wa makamo aliyeumia, goti likavimba. Goti linalonasa na kukataa kunyooka. Goti linalolegea na kukuangusha ngazini. Au maumivu yanayoendelea miezi huku eksirei ya kusimama ikiwa safi: hapo MRI ina thamani ya kila shilingi. Na kama kuna mpango wa kutengeneza gegedu kwa upasuaji, MRI si ya hiari, kwani daktari lazima ajue shimo lina upana gani na mfupa chini yake ukoje.

Viko visa viwili visivyongoja mjadala huu. Goti lililovimba ghafla, la moto, nawe una homa, ni la hospitali siku hiyohiyo. Maji yavutwe kwa sindano yakapimwe, usikae kwenye foleni ya MRI. Na mwenye selimundu anayelalamika nyonga wakati eksirei yake ni nzuri apewe MRI mapema, maana kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu miezi kadhaa kabla eksirei haijaonyesha kitu, na kichwa hicho kikibonyea gegedu lililo juu yake huharibika nacho.

Tesla ngapi? Uliza kwanza koili

Ukishaamua MRI, ulinganisho wa pili ni wa mashine na mashine. Utasikia 0.3, 1.5 na 3. Hizo ni tesla, yaani nguvu ya sumaku.

Mashine za sumaku ndogo, za tesla 0.2 hadi 0.5, nyingi ziko wazi pembeni na sumaku yake ni ya kudumu. Hazihitaji heliamu ya maji, ile ambayo huzipoza mashine kubwa hadi kama nyuzi 269 chini ya sifuri, na hazili umeme mwingi. Kwa miji ambako umeme unakatika na heliamu inatoka mbali, zinaeleweka. Anayeogopa sehemu finyu pia hupumua vizuri zaidi humo. Kwa kano iliyokatika au meniska iliyochanika vibaya, zinafaa.

Kwa gegedu, hapana, au tuseme kwa shida. Sauti inayotoka mwilini, yaani mawimbi ya redio yanayorudi kwenye mashine, ni dhaifu, kwa hiyo tunalazimika kukata slesi (vipande vya picha) nene, na slesi ya milimita 4 au zaidi ikipita juu ya tabaka la milimita 2 lililopinda huchanganya gegedu, ute na mfupa kuwa kijivu kimoja. Kuna shida nyingine ambayo wagonjwa hawaambiwi. Ili kuzima mng'ao wa mafuta tunategemea tofauti ya mlio kati ya mafuta na maji. Kwenye tesla 1.5 tofauti hiyo ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 220 hivi, kwenye tesla 3 ni kama 440. Kwenye tesla 0.3 inashuka hadi hezi 45, na mashine haiwezi kuwatenga hao wawili kwa njia ya kawaida. Zipo mbinu mbadala, lakini hupunguza ukali wa picha, na ukali ndio hasa tunaoutafuta kwenye gegedu.

Kati ya 1.5 na 3, mashine ya 3 hutoa mara mbili ya sauti kwa hesabu za kitabuni, kwa hiyo picha kali zaidi au muda mfupi zaidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia magoti ya watu 4,796, ulioanza kuandikisha mwaka 2004, ulichagua tesla 3 kwa sababu ya gegedu. Hata hivyo mgonjwa wa kawaida akipata tesla 1.5 iliyopigwa vizuri amepata anachohitaji. Na mwenye vyuma vya ajali karibu na goti, kama wengi tunaowapokea baada ya ajali za bodaboda, mara nyingi hufaidika na 1.5 kuliko 3, kwa kuwa chuma hupinda picha zaidi sumaku inapokuwa na nguvu. Chuma cha pua huharibu kuliko titani. Waambie mapema, waandae sikwensi za kupunguza kivuli cha chuma.

Lakini swali ninalotamani kila mgonjwa aulize kabla ya tesla ni hili: "Mna koili ya goti, na inafanya kazi?" Koili ni lile kasha linalofungwa kuzunguka goti, ndilo sikio la mashine. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi kituo kimoja ambako koili ya goti iliharibika tukaendelea kupiga magoti kwa koili ya tumbo, ile pana, tukiituliza na mito. Alikuja kijana, beki wa timu ya mtaa, goti linanasa. Picha zilitoka kama unatazama kupitia chandarua. Nilijua si nzuri, nikazituma hivyohivyo kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Ripoti ikasema gegedu halina tatizo. Miezi mitatu baadaye alirudiwa kwingine kwa koili sahihi, likaonekana shimo la ukubwa wa harage kwenye mfupa wa paja upande wa nje, na kipande chenyewe kimejificha nyuma ya goti. Alilipa mara mbili, na kwa miezi mitatu alikuwa akikanyagia shimo. Kosa lilikuwa letu, na langu mimi niliyebonyeza. Tangu siku hiyo, koili ikiwa mbovu namwambia mgonjwa arudi siku nyingine, hata akinikasirikia.

Lala tuli, pia. Picha nzima huchukua dakika 20 hadi 40, na goti likisogea kwa milimita moja umeharibu tabaka la milimita 2. Nenda haja kabla hujapanda, na ukiwa na maumivu ya mgongo yanayokuzuia kulala chali, sema tukuwekee mto.

Kuchoma dawa ndani ya kiungo, au siti skani

Kwa goti ambalo halijapasuliwa, MRI ya kawaida inatosha. Nyonga na bega ni habari tofauti. Gegedu la nyonga ni jembamba, nyuso mbili zinagusana kwa karibu, na ukingo wa kiungo unaweza kuchanika bila ufa kuonekana kwa sababu hauna maji ndani yake. Hapo daktari anaweza kuomba dawa ya gadoliniamu iliyozimuliwa, ambayo hung'aa kwenye MRI, ichomwe ndani ya kiungo, kisha MRI ifuate. Dawa hufungua kiungo na kujaa kwenye nyufa. Inauma kidogo, inachukua muda, na kuna hatari ndogo ya kuingiza vijidudu, kwa hiyo isifanywe kwa mazoea.

Mwenye kifaa cha moyo kisichoruhusiwa kwenye sumaku ana njia: siti skani baada ya kuchomwa dawa ya ayodini kiungoni. Watu huidharau, lakini kwa uso wa gegedu picha zake ni kali sana, na huonyesha shimo dogo kwa uwazi unaoshindana na MRI nzuri. Inaona uso tu. Gegedu lililolegea ndani huku juu likiwa zima litaipita, na ule ukungu wa mfupani hauonekani. Ina mionzi, na mwenye mzio wa ayodini lazima aseme. Siti skani bila dawa kiungoni haikusaidii kwa gegedu. Ukiandikiwa hiyo kwa ajili ya "kuangalia gegedu", uliza.

Altrasaundi niipitie haraka: inaona maji, utando uliovimba, uvimbe wa nyuma ya goti, na kipande cha gegedu la mbele goti likikunjwa sana. Sehemu inayobeba uzito imefichwa na mfupa, na mawimbi ya sauti hayapenyi mfupa. Nzuri kwa kuongoza sindano.

MRI au kamera moja kwa moja?

Kuna watakaokwambia, achana na picha, tuingize kamera tuone wenyewe. Kamera ya gotini huona uso wa gegedu kwa macho na daktari huugusa kwa kijiti kuona kama umelainika. Ngazi za uharibifu zinazotokana na Outerbridge, aliyeandika kuhusu pia ya goti mwaka 1961, zilitokana na kutazama hivyo. Kwa michubuko ya juujuu kamera huishinda MRI, ambayo huikosa mara nyingi. Lakini kamera haioni mfupa ulio chini, na ni upasuaji: ganzi au usingizi, matundu, hatari ya maambukizi na damu kuganda. Mwaka 2002 watafiti wa Houston walichapisha katika New England Journal of Medicine majaribio ambamo wagonjwa waliooshwa au kukwanguliwa goti lililosagika hawakupata nafuu kuliko waliopasuliwa ngozi tu bila kufanyiwa kitu ndani. Kwa hiyo kamera ya "kutazama tu" kwa goti la uzee siiungi mkono. Kamera iingie pale ambapo MRI imeonyesha kitu cha kutengenezwa.

Zile picha za rangi

Vituo vingine hutangaza MRI ya gegedu yenye ramani ya rangi. Maarufu ni ya T2: mashine hupima muda ambao sauti ya maji huchukua kufifia, na gegedu ambalo nyuzi zake zimeanza kuvurugika hushika sauti muda mrefu zaidi, likapakwa rangi tofauti kabla halijachimbika. Nyingine huchoma gadoliniamu kwenye mshipa, mgonjwa akatembea kidogo, akangoja saa moja na nusu hivi, kisha akapigwa. Dawa ile yenye chaji hasi hujipenyeza zaidi pale ambapo molekuli za chaji hasi zimepungua. Iko hata inayosikiliza sodiamu badala ya haidrojeni.

Ni sayansi nzuri na naifuatilia kwa moyo wote. Kwa anayefuatiliwa baada ya kupandikizwa gegedu, au aliye kwenye utafiti, ina maana. Kwa mwingine, ukiona gegedu lako limepakwa rangi ya hatari wakati umbo lake ni zima, daktari hana dawa ya kukupa zaidi ya ushauri uleule. Tena rangi hizo hubadilika: ukitoka kukimbia, gegedu limekamuliwa maji na ramani inatoka tofauti, na nyuzi zikilala pembe ya kama digrii 55 kutoka uelekeo wa sumaku huonekana mbaya bila kuwa mbaya. Kama unalipa mwenyewe, nyongeza hii iache.

Mlangoni

Sumaku haizimwi usiku wala mchana. Kifaa cha moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa: sema kabla hujaingia. Fundi wa kuchomelea aliyewahi kurukiwa na cheche jichoni apigwe kwanza eksirei ya macho, kwani chembe ya chuma inaweza kusogea ndani ya jicho. Wigi lenye klipu, hirizi yenye bati ndani, simu, kadi ya benki, vyote vibaki nje. Kama kuna dawa ya kuchoma, mwenye figo mbovu aseme. Na wa bima, hakikisha kibali kimetoka kabla ya siku ya picha. Barua inayoeleza goti lilivyoumia na kinachotafutwa hupita kirahisi kuliko inayosema "maumivu ya goti".

Filamu, sidii au ripoti

Wengi huondoka na ripoti na filamu moja kubwa, wanaiweka chini ya godoro. Kwa eksirei, filamu inafaa. Kwa MRI haifai: goti moja lina picha mia na zaidi, na filamu hubeba chache tu tulizochagua sisi, zimepunguzwa ukubwa, na ule mstari mweupe wa nywele unapotea. Omba sidii au kiungo cha kupakulia picha zote, kisha jaribu kama inafunguka kabla hujatoka getini. Ripoti peke yake usiikubali. Daktari wa mifupa atataka kupitisha slesi moja baada ya nyingine mwenyewe, na mara nyingi huona jambo kwa kuwa ameligusa goti lako, jambo ambalo msomaji wa picha hakulifanya.

Na ukirudi mwaka ujao, njoo na zile za zamani. Mama wa Morogoro alirudi na eksirei yake ya kusimama, imefungwa kwenye khanga ileile, tukaiweka kando ya mpya. Upande wa nje wa goti nafasi ilikuwa haijapungua hata kidogo, na hiyo ndiyo habari ambayo daktari wake alikuwa akiisubiri ili aamue upasuaji wa aina gani.